UZI: Kurekodi watu wakiwa kazini na mji unaowazunguka, ukiwa peke yako na kamera moja

#1 FremuMoja

Wakuu, heshima kwenu. Nyuzi za kamera ipi ununue ziko nyingi, na huu si mmoja wao. Huu ni wa mtu ambaye kamera anayo tayari, hana msaidizi wa taa wala wa sauti, na anataka kurekodi kazi za watu: fundi viatu, mshonaji, mchomeleaji, mwokaji mikate, mfagia barabara, pamoja na mji unaowazunguka.

Hoja yangu ni moja. Kazi ya mikono inakwenda kwa mzunguko, na asiyeujua mzunguko wake hurudi nyumbani na vipande vizuri visivyoungana.

Chukua kubadilisha soli ya kiatu. Fundi anabandua soli ya zamani kwa kisu na koleo, anakwangua gundi iliyobaki, anapiga msasa hadi ngozi ikwaruze, anafuta vumbi, anapaka gundi pande zote mbili, anasubiri, anabandika, anagonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha anakata kingo zilizozidi. Gundi ile haibandikwi ikiwa mbichi. Inaachwa dakika 10 hadi 15 hivi, mpaka ukiigusa isishike kidole, maana kiyeyusho kikifungiwa ndani soli itateleza na baadaye itaachia.

Wengi huzima kamera hapo kwenye kusubiri, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote ya ufundi. Wakati gundi inakauka ndipo fundi anainua uso. Anaongea na mteja, anapanga misumari, anatazama barabara. Mji unaingia kwenye fremu katika dakika hizo 10.

Utaratibu ninaoushauri: kaa mizunguko 3 kamili bila kuwasha kamera, ukiwa na daftari na saa. Andika kila hatua imechukua muda gani, mkono upi unashika kifaa, anageukia upande gani kuchukua kitu, macho yanakwenda wapi. Utajua umeelewa ukiweza kutabiri atakachofanya sekunde 5 kabla hajakifanya. Ukifika hapo huna haja ya kumkimbiza kwa kamera. Kamera itakuwa imetangulia na inamsubiri.

Kisha rekodi mzunguko kwa mzunguko. Wa kwanza fremu pana, kamera imetulia kwenye tripodi, mwanzo hadi mwisho. Wa pili mikono na vifaa tu. Wa tatu uso, macho, na vitu vidogo anavyogusa bila kufikiri: kitambaa cha kufutia, kikombe, penseli ya sikioni. Kila kipande kianze sekunde 5 kabla ya tendo na kiendelee sekunde 5 baada ya tendo kuisha. Chagua upande mmoja wa mstari unaopita kati ya fundi na kazi yake, ubaki hapo. Ukivuka, nyundo iliyokuwa inaelekea kulia itaelekea kushoto na mtazamaji atadhani ni mtu mwingine.

Faida ya kufanya hivi ni kwamba humwombi mtu arudie kitu. Kiatu cha pili kinakuja chenyewe.

Panapoharibika: mizunguko ikirekodiwa siku tofauti, shati limebadilika, kivuli kimehama, rundo la viatu limepungua. Kabla ya kuondoka piga picha ya mnato ya meza yote, na siku ya pili fika saa ileile.

Karibuni muongeze.

#2 MwangaWaPembeni

Uzi mzuri mkuu. Naingia upande wa mwanga, kwa sababu karakana nyingi zina taa zinazoharibu video bila jicho kujua.

Umeme wa gridi ukiwa wa hezi 50, taa nyingi hupigapiga mara 100 kwa sekunde. Ukiwa wa hezi 60, mara 120. Sensa, yaani kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo inaona kile ambacho jicho halioni, nawe unapata mikanda myeusi inayopanda au kushuka ukutani. Kwenye hezi 50 rekodi fremu 25 kwa sekunde kwa shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/50 au 1/100. Kwenye hezi 60 tumia fremu 30 au 24 na shata 1/60 au 1/120. Kosa la kawaida ni kusafiri na kamera iliyopangwa kwa nchi ya hezi 50 kwenda ya hezi 60 na kuiacha kwenye 1/50.

Mwendo wa pole unaleta shida nyingine. Fremu 100 kwa sekunde chini ya taa za hezi 50 zinakubali, kwa sababu kila fremu inapata pigo moja la taa. Fremu 120 chini ya taa hizohizo zitawaka na kufifia. Taa za LED za bei rahisi hazifuati hesabu hii hata kidogo, hasa zilizopunguzwa mwanga kwa swichi ya kuzungusha, kwa kuwa zinazimwa na kuwashwa kwa kasi yao zenyewe. Pandisha taa hadi mwisho. Ikishindikana, sogeza shata kidogokidogo kama kamera yako inaruhusu, au izime taa utumie dirisha. Jaribio: rekodi sekunde 10 za ukuta mweupe kabla kazi haijaanza, kisha uzitazame kwa kuzikuza. Kuangalia kioo cha kamera kwa haraka hakutoshi.

Ukitoka nje hesabu inageuka. Jua kali ni f/16 (upenyo wa lenzi; namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) kwa shata 1/100 na ISO 100 (wepesi wa sensa kuona mwanga). Wewe unataka 1/50 ili mwendo uonekane wa kawaida, na f/4 ili mandhari ya nyuma ilainike. Hapo umeongeza stopu 5 (kila stopu ni mwanga mara mbili), kwa hiyo unahitaji filta ya ND, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya stopu 5. Kamera ambayo ISO yake ya msingi kwenye wasifu wa logi (picha iliyofifishwa ili rangi zirekebishwe baadaye) ni 800 inaongeza stopu 3 juu yake, jumla 8. Filta za ND za kuzungusha ni rahisi kubeba, ila ukizisukuma hadi mwisho kwenye lenzi pana zinachora msalaba mweusi angani. Ishia kabla ya alama ya mwisho.

Na ngozi nyeusi. Mita ya kamera inadhani kila kitu ni kijivu cha kati. Mtu mweusi mbele ya ukuta uliopigwa jua atatoka kivuli kitupu, kwa sababu kamera imepima ukuta. Mtu huyohuyo uso ukijaza fremu atatoka amefifia na paji la uso limeungua, kwa sababu kamera imejaribu kumfanya kijivu. Pima kwa mkono, funga mwanga, halafu linda ule mng'ao wa paji la uso na mashavu. Mng'ao huo ndio unaoonyesha umbo la uso. Chanzo kikubwa cha mwanga kutoka pembeni, kama mlango uliofunguliwa, hufanya kazi kuliko taa ndogo kali iliyo juu ya kamera. Mgeuze fundi nyuzi 45 kuelekea mlangoni. Kama hageuki kwa sababu meza yake haigeuki, hama wewe.

#3 njia_panda

Wakuu naombeni hesabu za picha za mnato. Mikono inatoka ukungu, na barabarani watu wanapita kabla fokasi haijakamata. Autofokasi inashika ukuta wa nyuma.

#4 FremuMoja

@njia_panda, autofokasi iache. Barabarani panga fokasi kwa umbali, mara moja, usiiguse tena.

Kwa sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35: lenzi ya 28 mm, f/8, fokasi mita 2.5, kila kitu kuanzia kama mita 1.4 hadi kama mita 10 kinakubalika. Lenzi ya 35 mm, f/8, fokasi mita 3, unapata kama mita 1.9 hadi 7. Kwa sensa ndogo ya APS-C, lenzi ya 18 mm, f/8, fokasi mita 2, unapata kuanzia kama mita 1 hadi mbali sana. Bandika kipande cha utepe kwenye lenzi ili pete isihame, kisha jifunze mita 2.5 inaonekanaje kwa macho. Watu 2 wakilala chini wakafuatana wanazidi hapo, mmoja hafiki. Fanya zoezi hilo kwa milango na nguzo hadi mguu ujue wenyewe.

Mwanga: jua kali, f/8, 1/500, ISO 100. Kivuli cha wazi, f/8, 1/250, ISO 400. Mtu anayetembea anaganda kwenye 1/250, anayekimbia 1/500 au zaidi.

Nyundo inayoshuka inataka 1/1000, na ndani ya karakana mwanga wa 1/1000 huna. Lakini nyundo husimama kidogo sana ikiwa juu, kabla haijaanza kushuka. Hapo 1/125 inatosha. Sindano ya cherehani hali kadhalika, na msumeno wa mkono kwenye ncha zote mbili za safari yake. Ukiujua mzunguko unabonyeza kwenye kituo. Na kama unataka ukungu wa mkono uonekane makusudi, shuka 1/15, egemeza kamera mahali, subiri uso wa fundi utulie huku mikono ikienda. Piga 10 upate 1.

#5 SikioLaKazi

Naona mmekaa sana kwenye picha. Sauti ya kazi ni nusu ya filamu, na mtu aliye peke yake ndiyo anayoipoteza kwanza.

Anza na umbali. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mtu inapanda desibeli 6 hivi, huku kelele za chumba zikibaki palepale. Hakuna maiki ya gharama inayoshinda kusogea kutoka mita 1 hadi sentimita 50. Maiki ndefu ya mwelekeo mmoja ni nzuri nje, ila kwenye chumba cha mabati au saruji tupu mwangwi unaiingia kwa ubavuni na sauti inakuwa kama ya ndani ya pipa. Humo tumia maiki ndogo ya kubana kifuani, kama upana wa kiganja chini ya kidevu. Fundi amevaa aproni? Bana juu ya aproni, kunja waya uwe kitanzi chini ya kibano, halafu uubandike kwa utepe ili ukivutwa usigonge maiki. Aproni ya ngozi inakwaruza kuliko ya kitambaa.

Rekodi kwa 48 kHz, biti 24. Mazungumzo yafike kilele cha desibeli −12 kwenye mita ya kifaa. Nyundo na grainda zitaruka juu zaidi ya hapo, kwa hiyo kama kifaa chako kina njia 2, ya pili ishushe desibeli 10 hadi 12 iwe akiba. Wanaotegemea biti 32 za floti (urekodi usiojaa hata sauti ikiwa kubwa sana) wajue kwamba zinaokoa faili na haziokoi maiki: kapsuli, yaani sehemu ya maiki inayopokea sauti, ikizidiwa, mkwaruzo umeshaingia. Vaa hedifoni za kufunika sikio muda wote. Mita inaonyesha kiasi tu. Haisemi kama ni sauti ya mtu au ya waya uliolegea.

Kabla hujaondoka chukua vitu vitatu. Sekunde 60 za ukimya wa chumba, watu wakiwa ndani, hakuna anayeongea. Kisha kila kifaa peke yake, karibu sentimita 30, mapigo 20, na mapigo mengine 20 ukiwa mita 3. Kisha miwasho na mizimo: mashine inavyoanza na inavyokufa polepole hadi kimya. Mzimo wa mota ndiyo mahali pazuri pa kukatia onyesho, na watu wengi hubonyeza kusimamisha kabla haujaisha.

Friji na feni zizimwe kwa ruhusa ya mwenye mahali. Weka ufunguo wako juu ya friji ili usiondoke bila kuiwasha tena.

Redio. Karakana nyingi zina redio, na redio inaua uhariri, kwa sababu ukikata kipande wimbo unaruka. Juu ya hapo kuna hakimiliki ya muziki. Ila ukiiomba izimwe siku nzima umeondoa sehemu ya kazi yenyewe. Watu wanafanya kazi kwa kufuata redio. Njia ya kati ni kuirekodi fremu pana ndefu redio ikiwa imewashwa, bila kukata, kisha kuomba ipunguzwe wakati wa maongezi na vipande vya karibu.

Mahojiano usiyafanye mashine ikinguruma, na usimtoe mtu kwenye kiti chake ukamkalishe kwenye kiti cha wageni. Muulize akiwa kwenye hatua ya kimya: kupanga, kusugua, kusubiri gundi kama alivyosema mkuu. Swali lianze na "nionyeshe" au "unajuaje kwamba". "Unajuaje kwamba imekauka?" huleta dakika 3 za maelezo. "Kazi ni ngumu?" huleta ndiyo.

#6 Karakana77

Naongezea usalama, maana naona watu wanakwenda kwa wachomeleaji na lenzi tupu na macho tupu.

Mwanga wa kuchomelea una miale ya urujuanimno inayounguza jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku. Kutazama kioo cha nyuma cha kamera hakukuumizi. Kinachoumiza ni kuinua macho juu ya kamera kuangalia moja kwa moja, au kutumia kitundu cha kuchungulia cha kamera za DSLR, ambako jicho linaona mwanga wenyewe kupitia lenzi. Vaa kofia ya mchomeleaji au simama nyuma ya pazia lake. Funika mikono na shingo, kwa sababu ngozi inaungua kama ya jua.

Lenzi ivalishwe filta ya UV ya kutupwa. Cheche za grainda zinayeyuka na kuganda kwenye kioo, na vishimo vyake havifutiki. Usisimame kwenye mstari wa jiwe la grainda. Likivunjika vipande vinaruka kwenye mstari huohuo. Simama ubavuni. Cheche husafiri mita nyingi, kwa hiyo begi lako la nailoni lisiwe sakafuni mbele yake. Maiki zisizo na waya hupokea mikwaruzo ya umeme wa kuchomelea, na waya wa maiki ukilala sambamba na kebo ya mashine unavuma. Uvukishe kwa pembe mraba, mbali kadiri unavyoweza.

Mwanga wa kamera hapo uwe wa mkono. Ukiuacha otomatiki, fremu inazama gizani kila cheche inapowaka na kurudi inapozima. Pima mikono na chuma kabla hajawasha, funga, kisha shuka stopu 2 au 3. Kiini cha mwali kitaungua, kiache kiungue.

Kwenye mashine inayozunguka, kama lathe, drili ya mezani au kinu, vua mkanda wa kamera shingoni, vua skafu, kunja mikono ya shati. Mkanda ukishikwa hautoki. Hili liwe sharti.

Leza za kukatia: mwali ukiingia kwenye lenzi moja kwa moja unaacha doa la kudumu kwenye sensa. Kwa mwokaji na seremala usibadilishe lenzi ndani. Toka nje, kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake ukiangalia chini. Vumbi la unga likiwa hewani linawaka, kwa hiyo taa za joto zisiingie humo. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto na mvuke, iache kamera ndani ya begi lililofungwa dakika 30 au zaidi, ipate joto taratibu. Ukiifungua haraka ukungu unajaa hadi ndani ya lenzi, na kufuta mbele hakusaidii kitu.

#7 Kona_ya_Mji

Nitaongelea mji. Msifuate watu. Chagueni jukwaa kwanza: kona yenye mwanga wa upande mmoja, ukuta ulio wazi, na sababu ya watu kupita, kama kituo cha basi, lango la kiwanda, kivuko. Kisha kaeni hapo saa 2. Anayefukuza matukio anapata migongo.

Mji nao una mizunguko. Mabadiliko ya zamu, shule kutoka, maduka kufungua milango ya chuma, taka kuchukuliwa, taa za barabarani kuwaka. Andika saa zake kama mkuu alivyosema kwa fundi. Dakika 20 hadi 30 baada ya jua kuzama ndipo anga na taa za madirisha vinakuwa na nguvu sawa. Kabla ya hapo taa hazionekani, baada ya hapo anga ni jeusi tupu. Sehemu zilizo karibu na ikweta dirisha hilo ni fupi, fika ukiwa umeshapanga kila kitu.

Kupiga kupitia kioo cha dirisha la duka: gusisha mpira wa lenzi kwenye kioo, kwa pembe ndogo. Filta ya polaraizi hupunguza mng'ao ukiwa pembeni ya kioo, si ukiwa uso kwa uso nacho, na inakula stopu 1 hadi 2.

Video ya kuharakisha muda: sekunde 10 kwa fremu 25 ni picha 250. Watu wanaopita, picha kila sekunde 1 au 2. Mawingu, kila sekunde 5 hivi. Kivuli kinachotembea ukutani, kila sekunde 20 hadi 30. Kwa hiyo mawingu yako yatakula dakika 21. Mwanga wa mkono, mizani ya rangi nyeupe imefungwa, fokasi ya mkono. Ukiacha hata kimoja otomatiki video itapepesa.

Ila nina rai. Kazi ya mtu usiiharakishe. Ukiharakisha mfagia barabara umemfanya mdudu, na ule uzito wa ufagio, ambao ndio umekuleta hapo, umepotea. Harakisha mawingu, kivuli, foleni ya magari. Mtu mpe muda wake halisi.

#8 Ridhaa_Kwanza

Mmeongea vifaa tu, sasa tuseme ruhusa. Ruhusa ya mwenye karakana si ruhusa ya mfanyakazi. Mfanyakazi akiulizwa bosi akiwa pembeni hawezi kukataa, kwa hiyo muulize akiwa peke yake, tena siku moja kabla ya kurekodi, apate usiku wa kufikiri. Mweleze mambo manne kwa lugha anayoitumia: video ni ya nini, itaonyeshwa wapi, itakaa mtandaoni muda gani, na kwamba akisema basi unazima. Karatasi aitie sahihi, au arekodiwe akikubali kwa sauti yake, huku akitaja jina na tarehe. Wateja wanaoingia hawajui kuna kamera, kwa hiyo weka tangazo mlangoni linalosomeka. Kwa watoto, mzazi au mlezi.

Kabla ya kubonyeza zungusha macho ukutani. Leseni yenye namba, daftari la madeni, skrini ya simu, namba za siri za lango. Hivi ndivyo vinavyomletea mtu matatizo baada ya video kutoka, na hata baada ya picha moja tu.

Barabarani sheria hutofautiana nchi na nchi, na kupiga picha si sawa na kuitumia kibiashara. Soma sheria ya mahali ulipo. Tripodi mara nyingi ndiyo inayoleta maswali kuliko kamera, kwa kuwa inaziba njia.

Halafu mkuu @FremuMoja, kuhusu kutomwomba mtu arudie, sikubaliani moja kwa moja. Filamu ya Louis Lumière ya 1895, wafanyakazi wakitoka kiwandani Lyon, ipo katika matoleo 3. Watu walitoka langoni zaidi ya mara moja mbele ya kamera, na bado tunaitazama kama kumbukumbu ya kazi.

#9 FremuMoja

@Ridhaa_Kwanza, nakubali juu ya ruhusa neno kwa neno, na mfano wako ni wa haki. Tofauti ninayoiona ni hii: kutoka langoni kila mtu anajua kutoka. Ukimwambia fundi arudie pigo moja, analifanya polepole na kwa uwazi, kama anafundisha. Bega linapanda, macho yanaitafuta kamera. Mtazamaji hawezi kueleza kasoro iko wapi, ila anaiona. Ikibidi arudie, mwombe arudie kuanzia hatua 2 nyuma, mwili uwe umeshaingia kwenye mwendo wake ukifika pale unapopataka.

Na tuangalie jambo jingine kwenye filamu ile: inaonyesha wafanyakazi wakitoka. Kazi yenyewe ilibaki nyuma ya lango. Filamu za wakati ule zilihitaji mwanga wa jua. Sisi sensa zetu zinaona ndani ya karakana kwa ISO 3200 bila shida, kwa hiyo hatuna sababu ya kuishia langoni.

#10 MezaYaUhariri

Nawaletea yanayotokea baada ya kurudi, maana vipande vyenu vinatufikia bila majina.

Hifadhi. Video ya megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45 kwa saa. Siku ya saa 4 za kurekodi ni 180. Nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, moja ikae jengo jingine. Nakili kwa programu inayolinganisha faili baiti kwa baiti. Kuburuta folda tu hakukwambii kama faili moja imekatika. Kadi isifutwe mpaka nakala 2 zimefunguliwa na kutazamwa mwanzo, katikati na mwisho. Usifute kipande kimoja kimoja ndani ya kamera ukiwa kazini, maana kidole kikikosea hakuna kurudi.

Maelezo ya picha yaandikwe siku hiyohiyo: jina kama mwenyewe anavyoliandika, kazi yake kwa neno analolitumia yeye, hatua iliyokuwa ikiendelea, kifaa, mahali, tarehe. Lewis Hine, aliyepiga picha watoto wakifanya kazi viwandani Marekani kuanzia 1908 kwa ajili ya National Child Labor Committee, alikusanya umri, kazi na saa za kazi pamoja na picha. Picha zile zilitumika kama ushahidi kwa sababu ya maelezo hayo. "Mzee akifanya kazi" haimsaidii mtu yeyote.

Sauti ya kifaa cha pembeni ioanishwe kwa kofi moja mwanzoni na moja mwishoni. Kwenye kipande kirefu saa za vifaa 2 hupishana fremu kadhaa, na kofi la mwisho ndilo linaloonyesha ni ngapi.

Kukata: kata katikati ya mwendo. Nyundo ikiwa nusu ya safari kwenye fremu pana, imalizie kwenye fremu ya karibu. Jicho linafuata nyundo na halioni mkato. Sauti ya onyesho linalofuata iingie nusu sekunde hadi sekunde 2 kabla ya picha yake. Na fremu pana ya mzunguko mzima aliyoisema mkuu kwenye #1 ndiyo uti wa mgongo: iweke yote chini, kisha ubandike za karibu juu yake. Ukikosa kipande, unarudi kwenye pana na hakuna shimo.

#11 njia_panda

Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho: ile sehemu ya kusubiri gundi, kwenye filamu ya dakika 8, niiache muda gani? Dakika 10 hazitoshei, na nikikata sekunde 5 inaonekana kama amepumzika tu.

#12 MezaYaUhariri

Sekunde 40 hadi 50, fremu moja, bila kukata ndani yake. Anza anapoweka kiatu chini na kufuta mikono. Ondoa muziki, bakiza barabara na redio yake. Mwishoni awepo akigusa gundi kwa kidole na kukitazama kidole. Usikate kabla ya hapo, kwa sababu mguso huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba muda wote ule alikuwa kazini. Kidole kikitoka kikavu, nenda kwenye fremu ya karibu ya soli ikishuka.

#13 njia_panda

Na asipogusa?

#14 FremuMoja

Atagusa. Kama hagusi, anaijua kwa harufu au kwa mng'ao unavyopotea, na hilo ndilo swali lako la "unajuaje kwamba". Muulize kwenye kiatu cha kwanza, urekodi kwenye cha tatu.